Jengo la Zamani, Kanuni Mpya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kanuni za matumizi ya ardhi hubadilika, lakini majengo hayahami. Ndiyo maana kila mji una nyumba, duka, karakana au kiwanja ambacho kilikuwa sawa kabisa siku kilipoanza, lakini leo kikipelekwa kama ombi jipya mezani kwa afisa mipango miji kingekataliwa papo hapo. Majibu haya ni ya jumla, kwa sababu vipimo na muda hutofautiana kati ya mamlaka moja na nyingine. Pale ambapo kanuni ya nchi fulani inafundisha jambo, tumeitaja nchi hiyo.

Nyumba yangu ilijengwa kwa kibali. Sasa naambiwa haikidhi kanuni. Je, nimevunja sheria?

Hapana, mradi ilikuwa halali siku ilipojengwa. Kanuni mpya za mipango miji kwa kawaida hutazama mbele: zinawahusu watakaojenga kesho. Aliyejenga jana kwa kufuata kanuni za jana hupewa haki ya kuendelea. Katika majibu haya tutaiita haki hiyo kinga.

Ila uielewe vizuri kinga hiyo. Ni kama picha iliyopigwa siku kanuni mpya ilipoanza kutumika. Inalinda kilichoonekana siku hiyo, kwa ukubwa ule na kwa matumizi yale. Haikulindi wewe kama mtu, na haikulindii mipango uliyokuwa nayo kichwani. Karibu magomvi yote kati ya wenye nyumba na ofisi za mipango yanatokana na mtu kuongeza kitu kisichokuwemo kwenye picha hiyo.

Kinga hii inahusu vitu gani?

Mambo matatu, na ni vyema kujua lako ni lipi kwa sababu masharti yake hayafanani.

La kwanza ni matumizi: gereji iliyobaki katikati ya mtaa uliotangazwa kuwa wa makazi pekee. La pili ni jengo lenyewe: nyumba ya kuishi, iliyo mahali pa kuishi, ila ukuta wake uko karibu mno na mpaka, au imezidi urefu, au haina maegesho yanayotakiwa sasa. La tatu ni kiwanja kidogo kuliko kipimo cha chini cha leo, kilichopimwa na kusajiliwa zamani.

Mamlaka nyingi huwa na ukali zaidi kwa matumizi kuliko kwa majengo. Ukuta ulio karibu na mpaka hausumbui mtu usiku. Karakana ya kuchomelea vyuma inasumbua. Kwa hiyo ukisoma kanuni, tafuta kwanza sehemu inayohusu aina yako. Watu wengi husoma kifungu cha matumizi wakadhani kinahusu ukuta wao, wakakata tamaa bure.

Kwa nini serikali haiwalazimishi wote wafuate kanuni mpya mara moja?

Inaweza, na zamani ilijaribu. Mjini Los Angeles kulikuwa na mwenye tanuri la matofali aliyenunua ardhi yake kabla haijaingizwa ndani ya mipaka ya mji. Mji ukakua, ukamzunguka, kisha ukapiga marufuku utengenezaji wa matofali katika eneo lile. Alidai kwamba ardhi yenye thamani ya dola 800,000 hivi ingeshuka hadi dola 60,000. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliupa mji ushindi.

Licha ya ushindi huo, walioandika kanuni za miji katika miaka iliyofuata hawakupenda kwenda njia hiyo. Mwaka 1916 New York ilipitisha kanuni za kugawa mji katika kanda, yaani maeneo yaliyopangiwa matumizi yake, na kudhibiti umbo la majengo. Hasira kubwa ya wakati huo ilielekezwa kwa jengo la Equitable lililoko Broadway, lililokamilika mwaka 1915: ghorofa karibu 40 zilizopanda wima kutoka ukingo wa barabara na kuwatia majirani kivulini. Kanuni mpya haikulikata hata ghorofa moja. Bado limesimama.

Sababu zilikuwa mbili. Moja ni woga wa kesi na wa kupoteza kura. Nyingine ni imani kwamba vitu visivyolingana na mpango vingejifia vyenyewe kadiri miaka inavyopita. Imani hiyo haikutimia, na ukifikiri kidogo utaona kwa nini: duka pekee lililoruhusiwa kubaki katika mtaa wa makazi halina mshindani. Kanuni iliyokusudia kulimaliza ndiyo iliyolipa ulaji.

Je, hali hii ni ya nadra?

Hata kidogo. Uchambuzi wa gazeti la New York Times wa mwaka 2016 ulikuta kwamba takribani asilimia 40 ya majengo ya Manhattan yasingeruhusiwa kujengwa kwa kanuni za wakati huo. Huko Somerville, Massachusetts, mji wa watu karibu 80,000, maofisa mipango walipopekua kanuni zao walikuta viwanja vya makazi vilivyokidhi masharti yote ni 22 tu. Mji mzima uliopendwa na wakazi wake ulikuwa, kwenye karatasi, ni kasoro. Mwaka 2019 walibadilisha kanuni, uamuzi ambao kwa maoni yetu ulikuwa wa busara kuliko kuendelea kuwasumbua watu kwa kuomba ruhusa ya kila kibaraza.

Jengo langu halikuwa na kibali, lakini lina miaka mingi. Muda si unalihalalisha?

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Kinga ni ya kilichoanza kihalali. Kilichoanza kinyume cha sheria hakina kinga, hata kingekuwa kikongwe. Katika sehemu nyingi za Marekani, muda peke yake hauhalalishi kitu.

Zipo nchi zinazoweka ukomo wa muda wa mamlaka kuchukua hatua. Uingereza ni mfano unaotajwa sana. Kwa miaka mingi England ilikuwa na miaka 4 kwa kazi za ujenzi na miaka 10 kwa mabadiliko mengi ya matumizi. Tangu tarehe 25 Aprili 2024, kazi mpya zote zina kipimo kimoja cha miaka 10. Muda huo ukipita bila hatua kuchukuliwa, mwenye mali anaweza kuomba cheti cha uhalali.

Ila usijaribu kuuficha ujenzi ili muda upite. Mkulima mmoja wa Surrey alijenga nyumba yenye sura ya kasri nyuma ya ukuta wa marobota ya majani makavu, akaishi humo tangu mwaka 2002. Mwaka 2006 aliyaondoa marobota akiamini miaka 4 imetimia. Mamlaka ilisema kuondoa marobota kulikuwa sehemu ya ujenzi wenyewe, kwa hiyo saa ilikuwa haijaanza kuhesabu. Mahakama ikakubaliana na hoja hiyo mwaka 2010, na mwaka 2016 kasri likavunjwa.

Nani anatakiwa kuthibitisha kwamba jengo lilitangulia kanuni?

Wewe. Si jirani anayelalamika, wala si mamlaka. Jambo hili huwashangaza wengi, hasa waliorithi nyumba pamoja na maneno ya "hili duka lipo tangu enzi za babu". Huenda ni kweli, lakini mezani kwa ofisa maneno hayo hayana uzito wa karatasi.

Unachotakiwa kuonyesha ni mambo matatu: kwamba jengo au matumizi yalikuwepo kabla ya tarehe ya kanuni, kwamba wakati huo yalikuwa halali, na kwamba yameendelea bila kukatika. Watu hukusanya ushahidi wa jambo la kwanza wakasahau la tatu, na la tatu ndilo linaloangusha maombi mengi.

Anza na tarehe. Nenda ofisi ya mipango uulize kanuni inayokubana ilianza kutumika lini hasa, na kabla yake ilikuwepo ipi. Bila tarehe hiyo unakusanya makaratasi gizani. Kisha tafuta kibali cha ujenzi na ramani zilizopigwa muhuri, leseni za biashara za kila mwaka, risiti za kodi ya jengo, ankara za maji na umeme, mikataba ya wapangaji, bima, na picha za angani. Picha za angani zina nguvu ya pekee kwa sababu zina tarehe na hazina upande. Wapima ardhi na idara za ramani za nchi nyingi huhifadhi za miaka ya nyuma sana. Viapo vya majirani wazee husaidia kujaza mapengo, ila visiwe ndio uti wa mgongo wa faili lako.

Kama mamlaka yako inatoa cheti cha kuthibitisha matumizi au jengo lililotangulia kanuni, kiombe sasa, wakati hakuna ugomvi na mashahidi wangali hai. Gharama ya cheti ni ndogo ukilinganisha na ya wakili.

Naweza kukarabati?

Ndiyo. Kubadilisha bati, kupiga plasta, kupaka rangi, kubadili mabomba, kurekebisha madirisha: hayo ni matunzo ya kawaida, na mamlaka nyingi huyaruhusu. Mpaka huvukwa ukarabati unapogeuka ujenzi mpya. Fundi anaanza kubadili mbao mbili za paa, anakuta ukuta umeoza, anauvunja, halafu wa pili, na jioni moja kinachobaki ni msingi. Kisheria jengo lililokuwa na kinga limeondoka. Baadhi ya miji huweka kiwango cha gharama au asilimia ya kuta zinazoweza kuondolewa. Mwambie fundi kiwango hicho kabla hajashika nyundo, na umwambie asimame akikuta jambo lisilotarajiwa. Piga picha kila hatua.

Na kupanua?

Kwa matumizi, jibu la kawaida ni hapana. Gereji yenye kinga haiongezi eneo la kazi, na mara nyingi haihamii hata upande wa pili wa kiwanja hichohicho. Ongezeko la wateja ndani ya eneo lilelile ni suala jingine. Mahakama nyingi hulikubali kama ukuaji wa kawaida, mradi aina ya kazi haijabadilika.

Kwa jengo, kanuni ya kawaida ni kutoongeza kasoro. Nyumba iliyo karibu mno na mpaka wa kushoto inaweza kuongezewa chumba upande wa kulia, kama chumba hicho kinatimiza masharti yote ya sasa. Panapozua ubishi ni kuongeza ghorofa juu ya ukuta uleule ulio karibu na mpaka. Kuna mamlaka zinazosema umbali haujapungua, basi hakuna tatizo. Nyingine zinasema ukuta mrefu zaidi karibu na jirani ni kasoro iliyoongezeka. Uliza swali hili kwa maandishi na upate jibu la maandishi, kwa sababu ofisa anayekujibu leo kwa mdomo anaweza kuhamishwa.

Biashara ilifungwa kwa muda. Nimepoteza kinga?

Inategemea muda na sababu. Kanuni nyingi hutaja kipindi, mara nyingi kati ya miezi sita na miaka miwili, ambacho kikipita bila matumizi kinga inakufa. Kwingine muda hautoshi, na lazima ionekane kwamba ulikusudia kuacha. Kuondoa mashine, kufuta leseni, kukata umeme na kuruhusu jengo litumike kwa jambo jingine ni dalili za kuacha. Kutafuta mpangaji, kulipia leseni na kubakiza vifaa ni dalili za kusubiri.

Ukilazimika kufunga kwa ugonjwa, mirathi au matengenezo, iandikie mamlaka barua ueleze sababu na tarehe unayotarajia kurejea. Hifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Jengo likiungua au kubomolewa na mafuriko?

Hili ndilo swali ambalo mtu anapaswa kuliuliza kabla ya moto, kwa sababu majibu yanatofautiana vibaya mno.

Ufaransa ni wapole: jengo lililojengwa kihalali likiharibika au kubomolewa linaweza kujengwa upya vilevile ndani ya miaka 10, isipokuwa mpango wa eneo au wa kuzuia majanga unasema vinginevyo. Miji mingi ya Marekani hutumia kiwango cha uharibifu, mara nyingi nusu ya thamani: ukipungua hapo unarudisha lilivyokuwa, ukizidi unajenga kwa kanuni za leo. Katika maeneo ya mafuriko yaliyo chini ya mpango wa taifa wa bima ya mafuriko wa nchi hiyo, gharama ya ukarabati ikifikia asilimia 50 ya thamani ya soko ya jengo, bila kuhesabu ardhi, jengo lote linapaswa kufikia viwango vya sasa. Kwa kawaida hiyo maana yake ni kuliinua.

Japani ni mfano mkali zaidi. Huko kiwanja kinatakiwa kugusa barabara yenye upana wa angalau mita 4, kwa urefu wa angalau mita 2. Nyumba nyingi za vichochoroni zilijengwa kabla ya sharti hilo. Zinaruhusiwa kusimama, lakini kiwanja ambacho hakigusi barabara inayotambuliwa kwa mita hizo 2 kwa kawaida hakipati kibali cha kujenga upya. Pale kichochoro kinapotambuliwa kuwa barabara ingawa ni chembamba, anayejenga upya lazima arudi nyuma hadi mita 2 kutoka katikati ya njia. Hivyo barabara inapanuka nyumba moja moja, bila fidia kubwa wala tingatinga. Ni njia ya polepole, ila kwa maoni yetu ni ya haki kuliko nyingi.

Nikiuza, kinga inapotea?

Hapana. Kinga huambatana na ardhi na jengo, haifuati jina la mwenye mali. Ukinunua, unanunua kinga pamoja na udhaifu wake wote. Kwa hiyo mnunuzi mwerevu hadai hatimiliki tu. Anadai pia faili la ushahidi tuliloeleza hapo juu, na anauliza ofisi ya mipango kama kuna notisi inayosubiri.

Naweza kubadilisha gereji kuwa kiwanda cha samani?

Mara nyingi la, isipokuwa mamlaka ikubali kwamba matumizi mapya yana usumbufu mdogo kuliko ya awali. Na ukishahamia kwenye matumizi yanayolingana na ukanda, mlango wa kurudi nyuma umefungwa.

Mamlaka inaweza kunipa tarehe ya mwisho ya kuondoka?

Katika baadhi ya maeneo, ndiyo. Kesi inayorejewa zaidi ni ya Los Angeles ya mwaka 1954, ya biashara ya vifaa vya mabomba iliyokuwa katika eneo la makazi. Mji ulitoa miaka 5 ya kufunga, na mahakama ya rufaa ya California ikasema muda huo ni wa kutosha kwa mwenye biashara kurudisha mtaji wake. Mabango ya matangazo yameondolewa kwa njia hii mara nyingi. Majimbo mengine yanaikataa kabisa, yakiona ni kutwaa mali bila fidia kwa mlango wa nyuma. Ukipewa muhula wa namna hii, hoja yako si kwamba hupendi kuhama. Hoja ni hesabu: umewekeza kiasi gani, lini, na muda uliopewa unatosha kukirudisha au la.

Kinga inanisamehe kanuni za moto na usalama?

La. Kinga ni ya mipango ya matumizi ya ardhi. Milango ya dharura, nyaya za umeme, maji taka na jengo linalotishia kuanguka vina sheria zake, na hizo zinaweza kukufikia popote ulipo. Vilevile jambo linalowadhuru majirani halipati hifadhi kwa kuwa ni la zamani.

Nilikuwa nimeanza kujenga kanuni ilipobadilika.

Kibali peke yake hakitoshi katika nchi nyingi. Inaangaliwa kama ulikuwa na kibali halali na ulishafanya kazi kubwa kwa nia njema kabla ya tarehe ya mabadiliko. Msingi uliomwagwa zege unahesabika. Rundo la mchanga na mabati ya kuzungushia kiwanja, kwa kawaida, hapana. Aliyemwaga zege usiku wa kuamkia siku ya kanuni mpya naye atapata taabu kuonyesha nia njema.

Benki na bima wanajali haya?

Sana. Benki itauliza jengo likiungua kesho linaweza kurudishwa lilivyo, maana kama jibu ni hapana, dhamana yao ni kiwanja tu. Peleka cheti au barua ya mamlaka pamoja na ombi la mkopo. Upande wa bima, soma kama mkataba unalipa gharama ya ziada ya kufuata kanuni za sasa wakati wa kujenga upya. Bima nyingi za kawaida hulipa kurudisha kilichokuwepo, na tofauti inabaki kwako.

Jirani kajenga vilevile na hakuguswa. Naweza kumtumia kama hoja?

Mara chache sana. Huenda yeye ana kinga na wewe huna, au huenda zamu yake haijafika.

Kuna njia ya kuacha kutegemea kinga?

Zipo tatu. Unaweza kuomba ruhusa ya pekee ya kipimo fulani, ukionyesha kwamba umbo au ukubwa wa kiwanja chako ndio unaokuzuia, wala si tamaa ya kupata faida zaidi. Unaweza kuomba ardhi ibadilishwe ukanda, kazi ndefu ambayo kwa mtu mmoja mara nyingi haifai. Au mkijikuta wengi mtaani mna kasoro ileile, mnakwenda pamoja kuomba kanuni irekebishwe. Ombi la nyumba 30 zenye ukuta ulioko umbali uleule kutoka barabarani linasomeka tofauti na la mtu mmoja, kwa sababu linaonyesha kwamba aliyekosea kipimo ni mwandishi wa kanuni.

Nimepokea notisi leo. Nianzie wapi?

Soma tarehe ya mwisho ya kukata rufaa kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Muda huo huwa mfupi, na ukipita hoja nzuri haikuokoi. Kisha angalia notisi inataja kifungu gani: ni matumizi, ni jengo, au ni nyongeza uliyofanya baadaye? Mara nyingi kosa ni kibanda kilichoongezwa mwaka juzi, na kukiondoa hicho kunaliacha jengo la asili na kinga yake kamili. Simamisha ujenzi wowote unaoendelea. Jibu kwa maandishi, ambatanisha ushahidi wa tarehe, na uombe kuonana na ofisa aliyesaini. Usitie saini makubaliano ya "kurekebisha" kabla hujajua unachokubali, kwa maana karatasi hiyo inaweza kusomeka baadaye kama kukiri kwamba kinga haikuwepo.

Kama unachotakiwa ni kubomoa sehemu ya jengo au kufunga biashara, tafuta wakili au mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa kabla muda wa rufaa haujaisha.